Vifungu vya 47, 20 na 18: kulinganisha makosa ya kupiga na kujeruhi katika sheria ya Uingereza

Ngumi moja iliyopigwa usiku nje ya baa nchini Uingereza inaweza kumfikisha aliyeipiga kwenye ngazi yoyote kati ya nne za sheria ya jinai. Inaweza kuwa shambulio la kawaida, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha miezi 6. Inaweza kuwa shambulio la kudhuru mwili chini ya kifungu cha 47, ambacho kikomo chake ni miaka 5, au kujeruhi na kusababisha madhara makubwa chini ya kifungu cha 20, ambacho kikomo chake pia ni miaka 5. Na inaweza kuwa kosa la kifungu cha 18, yaani kufanya hayo hayo kwa kukusudia madhara makubwa, ambalo jaji anaweza kulitolea kifungo cha maisha. Polisi na mawakili huyataja makosa haya kwa mkato, ABH kwa kifungu cha 47 na GBH kwa vifungu vya 20 na 18, na mtu anayezisikia herufi hizo kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya chumba cha mahojiano hudhani kwamba kinachoyatofautisha ni ukubwa wa kidonda tu. Sivyo. Kila ngazi hupimwa kwa mambo mawili kwa pamoja, yaani kile kilichoupata mwili wa aliyepigwa na kile kilichokuwa akilini mwa aliyepiga, na kwa maoni yangu jambo hili la pili ndilo linalopaswa kuulizwa kwanza, kwa kuwa ndilo linalotenganisha miaka michache gerezani na miaka kumi na kitu.

Makosa matatu ya juu yanatoka katika Sheria ya Makosa Dhidi ya Mwili wa Mtu ya mwaka 1861, iliyotungwa enzi za Malkia Victoria na ambayo hadi leo ndiyo inayosomwa katika mahakama za Uingereza na Wales. Scotland ina sheria yake, na yaliyoandikwa hapa hayaihusu. Shambulio la kawaida asili yake ni kongwe zaidi, katika sheria iliyojengwa na maamuzi ya majaji, na adhabu yake imewekwa na kifungu cha 39 cha Sheria ya Haki Jinai ya mwaka 1988. Msomaji aliyewahi kufuatilia kesi za kwetu Afrika Mashariki ataona sura anazozifahamu: kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya vinaadhibu shambulio la kudhuru mwili kwa kifungo kisichozidi miaka 5, sawasawa na kifungu cha 47, kwa sababu kanuni hizo ziliandikwa wakati wa ukoloni wa Mwingereza. Kufanana huko hakutoshi kumwongoza mtu aliyeko Manchester au Leicester, kwa kuwa mipaka ya ndani ya vifungu hivi imechorwa na majaji wa Uingereza, kesi baada ya kesi, na humo ndimo mna tofauti zenyewe.

Shambulio la kawaida au kifungu cha 47

Shambulio la kawaida lina sura mbili. Ya kwanza ni kumfanya mtu atarajie kwamba atatendewa nguvu isiyo halali papo hapo, hata kama hakuguswa. Ya pili ni kumtendea nguvu hiyo, hata ikiwa ni msukumo, kofi au kumtemea mate. Hakuna jeraha linalohitajika. Mwaka 1997 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa, lilikubali katika kesi ya Ireland kwamba hata simu zinazopigwa mara kwa mara huku mpigaji akikaa kimya zinaweza kuwa shambulio, iwapo anayepokea anaogopa kwamba mpigaji anaweza kumfikia wakati wowote.

Kifungu cha 47 kinaanzia hapo hapo, kisha kinaongeza jambo moja tu: shambulio hilo liwe limesababisha madhara ya mwili. Kipimo kinachotumika hadi leo kilitolewa mwaka 1934 katika kesi ya Donovan, kwamba madhara ni maumivu au jeraha lolote linaloingilia afya au raha ya mtu, ambalo si lazima lidumu, ila lisiwe la kupita mara moja na lisilo na uzito. Ndani ya kipimo hicho wameingia watu waliong'olewa jino, waliopoteza fahamu kwa muda, waliovunjwa pua, na waliokatwa hadi wakahitaji kushonwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kwamba hata kumkata mwanamke nywele zake bila ridhaa yake kunaingia humo. Mtu mmoja alikuwa amemkata mpenzi wake wa zamani mkia wa nywele kwa mkasi wa jikoni, na majaji wakasema kwamba nywele ni sehemu ya mwili na kwamba kukatwa kiasi kikubwa namna ile si jambo dogo. Madhara ya akili nayo yanahesabiwa, lakini kwa sharti ambalo watu wengi hawalijui. Hofu, huzuni au taharuki peke yake havitoshi. Lazima pawe na ugonjwa wa akili unaotambuliwa na madaktari, na ushahidi wake utolewe na mtaalamu. Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa katika kesi ya Chan-Fook, na mwathirika anayemwambia polisi kwamba tangu siku ile halali usingizi anapaswa kumwambia na daktari wake maneno hayo hayo, kwa kuwa bila kumbukumbu za daktari maneno hayo hayataipandisha kesi ngazi.

Upande wa akili, kifungu cha 47 hakidai chochote zaidi ya shambulio la kawaida. Katika kesi ya Roberts ya mwaka 1971, dereva alijaribu kumvua koti msichana aliyekuwa naye ndani ya gari, na msichana akajirusha nje gari likiwa mwendoni, akaumia. Dereva alitiwa hatiani ingawa hakumsukuma wala hakutarajia aruke, kwa sababu shambulio lilikuwa lake na kitendo cha kukimbia kilikuwa cha kutarajiwa kutoka kwa mtu yeyote mwenye hofu. Somo lake kwa mtuhumiwa ni zito. Mtu anayejitetea kwa kusema kwamba alimsukuma tu na hakujua kwamba angeanguka na kuvunja mkono hajajitetea. Amekwisha kukiri kila kitu ambacho kifungu cha 47 kinakihitaji kutoka kwake, na kilichobaki kitaletwa na picha ya eksirei.

Ipo tofauti kati ya sheria yenyewe na jinsi inavyotumika. Anayeamua shtaka si aliyepigwa, wala katika makosa mazito si polisi, bali ni ofisi ya mashtaka ya serikali, inayojulikana kwa herufi CPS, na mwongozo wake unauweka mpaka juu kidogo kuliko majaji walivyouweka. Michubuko, mikwaruzo, uvimbe, wekundu wa ngozi na mikato ya juu juu kwa kawaida hushtakiwa kama shambulio la kawaida, ingawa kisheria baadhi yake ingeweza kuingia katika kifungu cha 47. Kifungu hicho huachiwa majeraha mazito zaidi, mfano yale yanayohitaji nyuzi kadhaa au matibabu ya hospitali chini ya dawa ya usingizi. Ikiwa aliyepigwa ni mtoto, mzee au mtu dhaifu, jeraha dogo linaweza kupandishwa. Familia zinazoona jicho limevimba na kusikia shtaka ni shambulio la kawaida hukasirika, na hasira hiyo naielewa, lakini hii haimaanishi kwamba polisi wamelipuuza tukio.

Ngazi hii ya chini ina hatari moja ya muda. Shambulio la kawaida lazima liletwe mahakamani ndani ya miezi 6 tangu tukio, wakati makosa ya vifungu vya 47, 20 na 18 hayana kikomo hicho. Kwa miaka mingi wanawake waliopigwa majumbani walipoteza kesi zao kwa sababu hiyo, kwani walichelewa kutoa taarifa wakiwa bado wanaishi na anayewapiga. Sheria iliyopitishwa mwaka 2022 ililegeza: kwa ukatili wa kinyumbani, miezi 6 huhesabiwa tangu siku taarifa ilipotolewa kwa polisi, mradi isizidi miaka 2 tangu tukio. Mwaka huo huo, tangu tarehe 7 Juni, kukaba koo au kuziba pumzi kukawa kosa la peke yake lenye kikomo cha miaka 5, bila haja ya kuonyesha jeraha. Hilo lilikuwa pengo la kutisha, kwa sababu kukabwa koo mara nyingi hakuachi alama inayoonekana, na mtu aliyekuwa amekaribia kufa alikuwa akiambiwa kwamba kosa lililoweza kuthibitishwa ni shambulio la kawaida.

Kifungu cha 47 au kifungu cha 20

Hapa ndipo sheria ya 1861 inaposhangaza zaidi, kwa kuwa makosa mawili yasiyo na uzito sawa yana kikomo kimoja cha adhabu. Tume ya Sheria ya Uingereza ililisema hilo mwaka 1993 na ikalirudia mwaka 2015, ikipendekeza ngazi mpya ambamo kusababisha jeraha kubwa kwa kutojali kungekuwa na kikomo cha miaka 7 na jeraha la kawaida miaka 5. Bunge halijatunga sheria hiyo. Ni kosa la kutunga sheria ambalo lingepaswa kusahihishwa zamani, kwa sababu linawafanya washtakiwa wasiojua kuamini kwamba kushushwa kutoka 20 kwenda 47 ni ushindi mkubwa, au kwamba hakuna maana yoyote, na yote mawili si kweli.

Tofauti ya kwanza iko mwilini. Kifungu cha 20 kinahitaji ama jeraha ama madhara makubwa, na jeraha kwa maana ya kifungu hiki ni kupasuka kwa ngozi yote, tabaka la juu na la chini yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mvulana alifyatua bunduki ya upepo, risasi ikampiga mwenzake karibu na jicho, na mishipa ya damu ndani ya jicho ikapasuka. Mahakama ikasema hilo si jeraha, kwa kuwa ngozi haikukatika. Kwa kipimo hicho, mkato mdogo wa kisu uliopenya ngozi ni jeraha kisheria, na mfupa uliovunjika ndani ya ngozi nzima si jeraha. Mfupa huo huweza kuingia kupitia mlango wa pili, wa madhara makubwa, ambao maana yake ni madhara mazito kwelikweli, na anayepima uzito huo ni juri, yaani raia 12 wanaosikiliza kesi. Mahakama ya Rufani ilisema katika kesi ya Bollom, iliyohusu mtoto wa miezi 17 mwenye michubuko mingi, kwamba umri na hali ya aliyeumizwa lazima zizingatiwe: michubuko ambayo kwa mtu mzima ingekuwa ya kawaida inaweza kuwa madhara makubwa kwa mtoto mchanga. Ugonjwa mzito wa akili unaingia, na tangu mwaka 2004 imekubalika kwamba mtu anayejua ana virusi vya Ukimwi na kumwambukiza mwenzake asiyejua na asiyeridhia hatari hiyo anaweza kutiwa hatiani kwa kifungu hiki. Kwa upande mwingine, CPS haikimbilii kifungu cha 20 kwa kila tone la damu. Jeraha dogo, hata kama ngozi imepasuka yote, kwa kawaida hushtakiwa chini ya 47.

Tofauti ya pili iko akilini, na imeelezwa vyema na kesi ya Savage iliyofika Baraza la Malodi mwaka 1991. Mwanamke alimkuta baa mwanamke mwingine aliyewahi kuwa na uhusiano na mume wake, akamwendea na glasi ya bia na kummwagia. Bia ilimpata, lakini glasi nayo ikamponyoka mkononi, ikavunjika, na kipande kikamkata yule mwanamke kwenye kifundo cha mkono. Jeraha lilikuwepo, ngozi imepasuka, na kwa macho ya mwili kifungu cha 20 kilikuwa kimetimia. Ila kifungu hicho kinadai kwamba mshtakiwa mwenyewe awe aliona kwamba kitendo chake kinaweza kumletea mwenzake madhara fulani ya mwili, hata yawe madogo, kisha akaendelea bila kujali. Aliyetaka kummwagia mtu bia, na hakufikiri kabisa kwamba glasi ingemkata, hana akili ya kifungu cha 20. Anayo ya kifungu cha 47, kwa sababu kumwagia mtu bia ni shambulio na shambulio hilo limeleta madhara, na hicho ndicho kifungu alichotiwa hatiani kwacho mwishoni.

Kwa hiyo anayelinganisha vifungu hivi viwili ajiulize maswali kwa mpangilio huu: je, mtu huyu aliona kwamba mwenzake angeweza kuumia, hata kidogo? Kama jibu ni hapana, kifungu cha 20 hakisimami, hata kama jeraha ni baya namna gani. Kama jibu ni ndiyo, ndipo uzito wa jeraha unapoanza kuhesabika. Mwongozo wa adhabu ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2021 unatoa wigo wa faini hadi miaka 4 kwa kifungu cha 47, na wa adhabu ya kutumikia jamii hadi miaka 4 na nusu kwa kifungu cha 20. Pengo ni jembamba. Mshtakiwa anayepewa nafasi ya kukiri kifungu cha 47 badala ya 20 atafaidika, lakini atafaidika zaidi akihakikisha kwamba wakili wake ameandika na upande wa mashtaka umekubali maelezo ya tukio anayoyakiri: alipiga mara ngapi, alikuwa na kitu mkononi au hakuwa nacho, nani alianza. Maelezo hayo ndiyo jaji anayoyatumia kupanga adhabu.

Kifungu cha 20 au kifungu cha 18

Mpaka huu ndio wenye matokeo makubwa kuliko yote. Mwili unaweza kuwa na jeraha lile lile, kwa silaha ile ile, na bado mmoja akafungwa miaka 2 na mwingine 12. Kifungu cha 18 kinadai nia: mshtakiwa awe alikusudia kusababisha madhara makubwa, au alikusudia kuzuia mtu asikamatwe. Kuona hatari na kutoijali hakutoshi. Kwa nia ya kwanza, hata kukusudia kumjeruhi kidogo hakutoshi; lazima alichokitaka kiwe madhara mazito kwelikweli. Wigo wa adhabu katika mwongozo wa 2021 ni miaka 2 hadi 16, na kifungo cha maisha kikiwa juu yake kwa kesi za kupindukia.

Kwa kuwa hakuna anayeweza kukifungua kichwa cha mtu, nia husomwa katika matendo. Upande wa mashtaka hutafuta dalili: shambulio lililopangwa au lililorudiwa, silaha iliyochaguliwa kwa makusudi, vitisho vilivyotangulia, mateke ya kichwani kwa mtu aliyekwisha kuanguka. Watu wawili wanaweza kumchoma mwenzao kwa glasi usoni, na video ya baa ikaonyesha kwamba wa kwanza aligeuka na glasi iliyokuwa tayari mkononi mwake akapiga kwa mkono huo huo, wakati wa pili aliigonga glasi kwanza kwenye ukingo wa meza, ikavunjika, kisha akaenda nayo. Sekunde hizo mbili kwenye ukingo wa meza ndizo zinazoweza kumhamisha kutoka kifungu cha 20 kwenda 18, kwa kuwa hakuna sababu nyingine ya kuivunja glasi kabla ya kumwendea mtu. Vivyo hivyo ujumbe wa simu uliotumwa jioni hiyo kwa rafiki, kwamba leo fulani atanitambua, utasomwa mbele ya juri kama tishio, hata kama aliyeuandika alikuwa akipunguza hasira tu.

Kwa sababu hiyo namsihi kila anayekamatwa kwa jambo la namna hii asijibu swali hata moja kabla ya kuonana na wakili. Katika kituo chochote cha polisi cha Uingereza na Wales wakili wa zamu hutolewa bure, bila kujali kipato cha mtu, na mkalimani pia hutolewa bure. Mtu anayesema kwa unyoofu kwamba alitaka kumtia adabu, au alitaka ajute, anadhani anaeleza alivyochokozwa. Anayemsikiliza anaandika nia.

Pombe nayo inatofautisha ngazi hizi. Tangu kesi ya Majewski ya miaka ya 1970, aliyelewa kwa hiari yake hawezi kujitetea kwa ulevi katika shambulio la kawaida, kifungu cha 47 wala cha 20. Katika kifungu cha 18 ulevi unaweza kuonyesha kwamba hakuunda nia hiyo, lakini mlevi aliyekusudia bado amekusudia, na majuri hawaukubali utetezi huu kwa wepesi. Ikiwa nia haikuthibitika, juri linaweza kumwachia katika 18 na kumtia hatiani kwa 20.

Kujihami ni utetezi wa ngazi zote nne: nguvu iliyotumika ipimwe kwa hali jinsi mshtakiwa alivyoiamini kwa dhati, na isizidi kiasi cha busara. Ridhaa haiko hivyo. Inaweza kuwa jibu kwa shambulio la kawaida, lakini kuanzia kifungu cha 47 kwenda juu haikubaliki, isipokuwa katika mambo kama michezo yenye kanuni zake, upasuaji na kuchora mwili. Watu wawili waliokubaliana kutoka nje wakapigane wamalize ubishi wao wote wawili wanaweza kushtakiwa.

Kwa wasomaji wengi wanaoishi huko kuna jambo jingine linalopandisha adhabu. Ikiwa wakati wa tukio, au mara tu kabla au baada yake, mshambuliaji alionyesha chuki ya rangi au ya dini, Sheria ya mwaka 1998 inapandisha kikomo cha vifungu vya 47 na 20 kutoka miaka 5 hadi 7, na cha shambulio la kawaida kutoka miezi 6 hadi miaka 2. Tusi la rangi lililosikika kabla ya ngumi liandikwe katika maelezo ya kwanza kabisa kwa polisi, kwa maneno yake yenyewe, pamoja na aliyelisikia. Likikumbukwa miezi mitatu baadaye, wakili wa upande wa pili atauliza lilikuwa wapi siku zote hizo.

Machaguo yaliyobaki mikononi mwa mtu

Mtuhumiwa anayepewa onyo rasmi la polisi badala ya kufikishwa mahakamani hulipokea kwa shukrani, ili arudi nyumbani. Ajue kwamba kulikubali ni kukiri kosa, na kwamba linaweza kuonekana katika ukaguzi wa rekodi kwa kazi kama za uuguzi, ualimu na kutunza wazee. Mwenye hoja nzuri ya kujihami hana sababu ya kulikimbilia.

Shambulio la kawaida husikilizwa na mahakama ya mahakimu pekee, ambayo haina juri, na kifungu cha 18 na Mahakama ya Crown pekee, yaani mahakama ya juu yake yenye jaji na juri. Vifungu vya 47 na 20 viko katikati, na kwa utaratibu wa miaka mingi mshtakiwa anayekana kosa ameweza kuchagua juri hata pale mahakimu walipokuwa tayari kumsikiliza. Mwaka 2025 mapitio yaliyoongozwa na Sir Brian Leveson yalipendekeza haki hiyo ipunguzwe, kwa hiyo swali la kwanza kwa wakili liwe ni kanuni ipi inatumika siku hiyo. Mahakimu humaliza kesi mapema, na tangu Novemba 2024 uwezo wao kwa makosa haya ya katikati ni kifungo cha hadi miezi 12 kwa kosa moja. Mahakama ya Crown huchukua muda mrefu na kikomo chake ni miaka 5 kamili. Kesi inayotegemea nani aaminiwe, mlalamikaji au mshtakiwa, ni afadhali isikilizwe na watu 12. Kesi ambayo mtu anajua alipiga na video ipo, ni afadhali akiri mapema kwa mahakimu, kwa kuwa anayekiri katika hatua ya kwanza hupunguziwa hadi theluthi moja ya adhabu, na anayesubiri hadi siku ya kesi hupata sehemu moja ya kumi tu. Asiye raia ana sababu ya ziada ya kuhesabu miezi: chini ya sheria ya mwaka 2007, kifungo cha miezi 12 au zaidi huanzisha utaratibu wa kumfukuza nchini, isipokuwa aangukie katika misamaha iliyotajwa.

Kwa aliyepigwa, la kwanza ni hospitali. Hakuna fomu ya polisi inayotangulia matibabu kama PF3 ya Tanzania au P3 ya Kenya. Aende moja kwa moja kitengo cha dharura, aeleze kila sehemu inayouma, apige picha za majeraha siku hiyo na siku zinazofuata rangi ya michubuko inapokolea, kisha polisi watamwomba idhini ya kuchukua kumbukumbu za daktari. Familia zikikaa na kusameheana, CPS haifungwi na makubaliano hayo, na katika ukatili wa kinyumbani inaweza kuendelea bila ushirikiano wa mlalamikaji. Ikiwa CPS imeamua kutoshtaki kabisa, mwathirika ana haki ya kuomba uamuzi huo upitiwe upya. Na ikiwa jeraha lake linafikia viwango vya mpango wa serikali wa fidia kwa waathirika wa uhalifu, ambamo malipo ya chini ni pauni 1,000, aombe ndani ya miaka 2 tangu tukio, awe ameripoti polisi bila kuchelewa, na asisubiri hukumu, kwa kuwa fidia hiyo inaweza kulipwa hata kama aliyempiga hakutiwa hatiani.